Kimanga na Damu ya Kaka

Kaka yangu alikuwa na kitambi, na kwetu kitambi kilikuwa habari njema. Alikuwa nyapara wa kikundi cha kutengeneza njia ya reli, upande wa Voi na Maungu, na kila alipopanda nyumbani milimani, juu ya Wundanyi, wanawake wa jirani walimpapasa tumbo wakicheka.

"Hili nalo litazaliwa lini?"

"Mpaka baba yake apatikane," aliwajibu.

Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso. Alikuwa amelea watoto waliotoka mbavu nje, na sasa mmoja wao alikuwa na tumbo linalotangulia mlangoni. Angeanzaje kuliogopa?

Mimi ndimi niliyemfuata kuzaliwa. Nilisoma mpaka mwisho wa shule ya msingi, halafu nikajifunza cherehani. Miaka ile ya tisini nilikuwa Voi, nikishona sare za shule kwenye baraza la duka la mama mmoja Mwislamu, mtu mzima, ambaye wazee wake walitoka pwani wakafuata reli. Mimi sikuwa na wa kumwita mama pale mjini, yeye hakuwa na binti karibu. Tuliishi hivyo. Kaka naye, akishuka kazini, alipitia pale kuchukua mkate, na akaketi kidogo na sisi.

Kitu cha kwanza nilichokiona, na sikukielewa, ni namna alivyopanda mlima. Kutoka barabarani mpaka kwetu ni njia ya miguu, na kaka alikuwa mtu wa kuipanda akiimba. Mwaka ule akaanza kusimama. Alisimama penye shamba la mtu, akaweka mkono kiunoni, akasema, "Haya mahindi yamewekwa mbolea kweli?" Akatembea kidogo, akasimama tena kutazama migomba. Tukamwita bwana shamba. Siku moja nilikuwa nyuma yake nikaona jasho limeshuka shingoni asubuhi ya baridi, na ule mkono wa pili haukuwa kiunoni, ulikuwa kifuani.

"Unaumwa?"

"Ni vidonda vya tumbo tu. Vinapanda juu."

Kila mtu Voi alikuwa na vidonda vya tumbo miaka ile. Akawa anakunywa maziwa na kutafuna vile vidonge vyeupe vinavyoacha chaki mdomoni. Mkewe ndiye aliyemsukuma mpaka akaenda kumwona daktari aliyekuwa akija kutoka Mombasa kwenye kliniki moja ya watu binafsi pale mjini. Daktari akamsikiliza kifua, akamwambia arudi Jumatatu asubuhi atolewe damu ipelekwe maabara Mombasa, na asile wala asinywe chochote ila maji tangu usiku.

Jumapili ile tulikuwa nyumbani sote wawili. Mimi nilikuwa nabaki siku kadhaa kumsaidia mama kuvuna maharagwe, kaka alikuwa ashuke na gari la kwanza. Alfajiri ya Jumatatu nilisikia mwiko. Mama alikuwa anaponda kimanga, mihogo na maharagwe pamoja, kile chakula chetu cha Kitaita ambacho mtu akila asubuhi haulizi habari za mchana.

Ni lazima nieleze jambo hili, maana asiyekuwa wa kwetu anaweza kudhani mama alikuwa mkaidi tu. Kwetu mtu hatoki nyumbani kwa mama yake na tumbo tupu. Njia ni ya mteremko, miguu inatetemeka, lakini si hilo tu. Mtoto akiondoka bila kula, jirani anayekutana naye anajua kuna jambo. Ama nyumba ile haina kitu, ama wamegombana. Mama alikuwa mjane, na alikuwa ameilinda nyumba yake isisemwe hivyo.

"Mama, daktari amesema nisile," kaka alisema akivaa viatu.

"Huyo daktari ana mama?"

"Sijui. Atakuwa naye."

"Basi akamwulize."

"Mama!"

"Kwani wanapima damu au wanapima tumbo? Damu iko mkononi. Kula."

Kaka alicheka. Kubishana naye hakuweza, hakuna kati yetu aliyeweza. Akasema gari litamwacha, atakula njiani. Mama akakifunga kimanga kingali moto ndani ya jani la mgomba lililopitishwa motoni, akaongeza jani la pili, akamwekea kwenye mfuko. Tukamtazama akishuka. Mama alisimama pale mpaka alipopinda kona, halafu akasema kwa kuridhika, "Haya, sasa waende wakamtoboe."

Matokeo yalipokuja nilikuwa nimerudi Voi. Mkewe alikuwa amejifungua majuzi tu, kwa hiyo kaka akanichukua mimi nimsindikize. Kwa hiyo maneno ya daktari niliyasikia kwa masikio yangu, na nitayaeleza jinsi nilivyoyaelewa.

Alisema sukari ya kaka ilikuwa sawa. Kaka akanigeukia akitabasamu. Daktari akainua mkono.

"Ngoja. Kuna kitu kingine nilichopima. Ni kipande kidogo cha protini, kinaitwa peptidi. Kongosho likitengeneza ile insulini ya kuisukuma sukari, kipande hiki hubaki na kuingia kwenye damu. Ni kama maganda ya njugu. Sikuoni ukimenya, lakini nikiyaona maganda sakafuni najua umemenya kiasi gani. Mtu akila, maganda huwa mengi, hiyo ni kawaida. Aliyelala bila kula, asubuhi yanatakiwa kuwa machache. Yako ni mengi mno."

"Maana yake nini?"

"Kwamba mwili wako unafanya kazi ya punda ili sukari ionekane sawa. Watu wa namna hii, tunaona, mara nyingi mishipa inayolisha moyo inaziba mapema. Sijui yote, wala wenzangu hawajui yote. Lakini nikiweka hili pamoja na hicho kifua chako kinachobana ukipanda mlima, na hilo tumbo, sipendi. Nataka uende Mombasa ukapimwe moyo."

Mimi nilisikia neno moyo tu. Kaka aliinama akafunga kamba ya kiatu. Niliiona kamba ile, ilikuwa imefungwa tayari.

"Daktari," alisema akiwa bado ameinama, "lakini siku ile nilikula."

"Ulikula?"

"Mama yangu alinipa kimanga. Unawajua akina mama."

Daktari akaweka kalamu chini. Kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Basi nimepima kimanga. Namba hii haina maana tena. Rudi tutoe damu upya, na safari hii usile. Kifua hicho bado sikipendi. Usikae."

Kaka akasema atarudi. Hakurudi.

Badala yake ikawa hadithi ya nyumba nzima. Kaka aliisimulia kule milimani, kwenye mazishi ya watu, harusini, nje ya kanisa. "Kimanga cha mama kimepimwa Mombasa! Daktari amesema hajaona chakula chenye nguvu namna hiyo!" Watu walianguka kwa kicheko. Mama alijifanya kukasirika, lakini aliipenda hadithi ile. Mgeni akija alimsukumia bakuli na kusema, "Kula, hiki kimefika maabara."

Sikumbuki tuliicheka kwa muda gani. Nakumbuka tu siku kicheko kile kilipokwisha.

Nilikuwa nashona ukosi wa sare ya msichana wa shule. Wanaume wa reli walikuja wakitembea katikati ya barabara, wamevua kofia, na mmoja wao alikuwa ameshika viatu vya kaka. Nilivijua viatu kabla sijawajua watu. Yule mkubwa wao akasema, "Dada, simamisha hiyo mashine." Sikuisimamisha. Miguu iliendelea kukanyaga, nikamaliza mshono ule mpaka mwisho, nikakata uzi, nikakunja sare, ndipo nikamwuliza, "Amelala wapi?"

Walikuwa karibu na Maungu wakibadilisha mataruma, yale magogo yanayolazwa chini ya reli. Kaka aliomba maji. Akaketi juu ya reli, akasema mkono wa kushoto umekufa ganzi. Kijana mmoja akamtania, "Nyapara, umezeeka." Kaka akasema, "Na wewe..." na hakumaliza. Mpaka leo najiuliza alitaka kumjibu nini. Walimlaza kwenye toroli ya reli wakaisukuma mbio kurudi Voi juani, wakimwita jina lake njia nzima. Walimvua viatu ili apate hewa. Hospitalini walisema ni moyo, mshipa wake umeziba, na kwamba alifika akiwa amekwisha kufa.

Sikulia. Nasema ukweli, sikulia siku ile wala siku ya mazishi. Nilikuwa kama mtu aliyepigwa kofi akabaki anasubiri kuumwa. Watu wa hospitali waliposema neno moyo, mimi nilisikia maganda ya njugu.

Mazishi yalikuwa nyumbani, milimani. Baada ya watu kutawanyika, wanaume wa ukoo waliketi uani, na shemeji yetu mmoja, mwalimu, akawa anawaeleza habari ya kile kipimo. Si mtu mbaya. Alikuwa anatafuta namna ya kuelewa, kama sisi sote.

"Kipimo kiliharibika kwa sababu alikuwa amekula," alisema. "Kisingeharibika, wangemwahi. Pengine tungekuwa naye hapa."

Mama alikuwa nyuma yake na sinia la vikombe. Hakuliangusha. Aliliweka chini polepole, vikombe havikugongana hata kidogo, akaingia jikoni, akafunga mlango.

Tangu siku hiyo hakuponda kimanga tena. Kwanza nilidhani ni msiba. Lakini nilipopanda mwezi uliofuata nilikuta mwiko mkubwa haupo mahali pake. Aliukata akautia motoni. Alikuwa anakula ugali kidogo kwa chumvi, wa kumzuia tu asianguke, na vitenge vilikuwa vinamzunguka mara mbili. Jambo lililonitisha zaidi lilikuwa lingine. Mgeni alikuja kutoka mbali kumpa pole, akakaa, akaaga, na mama akamwacha aende bila hata chai. Mama yangu. Yule mgeni alisimama mlangoni kidogo, akingoja, halafu akaondoka akitazama nyuma.

"Mama, mgeni hajala."

"Asile. Wakila kwangu wanakufa."

Alilisema kama mtu anayesema mvua imenyesha. Ningemwambia si kweli, lakini mimi mwenyewe sikujua kama si kweli. Niliyasikia maneno ya daktari. Namba haina maana tena, kwa sababu ya kimanga. Sikuweza kumdanganya mama, hata kwa kumwokoa. Nikashuka Voi nikijua kwamba tutamzika naye kabla mwaka haujaisha.

Yule mama mwenye duka hakuwapo wakati wa msiba. Alikuwa Mombasa akimwuguza bintiye, na duka lilikuwa mikononi mwa mpwa wake. Aliporudi alikuja barazani moja kwa moja, bado na buibui la safari, akanishika kichwa akakilaza kifuani kwake.

"Pole, mwanangu. Sote ni wa Mungu. Nimepata habari kule, nimelia mpaka nimeishiwa. Na mamako je?"

Nikamweleza. Nikamweleza habari ya kimanga, ya shemeji, ya mwiko, ya mgeni aliyeondoka bila kula. Nilipofika hapo aliniachia. Alirudi nyuma hatua moja, akashika ukuta.

"Nani kasema alikila?"

"Yeye mwenyewe. Nilikuwepo. Alimwambia daktari."

"Hakukila."

Nilimtazama.

"Hakukila, mwanangu. Mimi ndiye niliyekila."

Alikaa juu ya gunia la mchele, akanisimulia. Jumatatu ile, asubuhi sana, ndio kwanza anafungua duka, kaka alifika na mfuko wake. Akatoa jani la mgomba akamwekea mezani. Akasema, "Mama, nipokelee chakula hiki. Mama yangu amenifungia na mimi nimekatazwa kula, nakwenda kutolewa damu. Kukitupa siwezi, nitapata laana."

"Nikamwambia, lo, baba, na mimi leo nimefunga! Unajua Jumatatu na Alhamisi mimi hufunga. Tukacheka wote wawili. Akasema, wewe umemfungia Mungu, mimi nimemfungia daktari, tutaona nani atalipwa kwanza. Nikamwekea maji, akanywa maji matupu. Midomo ilikuwa imemkauka kwa njaa, namwona hivi. Kile chakula nikakiweka kabatini hadi magharibi, nikafuturu nacho. Wallahi nilifuturu nacho, na kilikuwa kitamu."

Cherehani ilikuwa mbele yangu na sikuiona. Kaka hakula. Damu ile ilikuwa damu ya mtu mwenye njaa. Maganda yale yalikuwa ya kweli.

"Alijua," nilisema. "Alijua namba ni ya kweli."

"Alijua. Alipopita siku za majibu nilimwuliza, damu imesemaje? Akasema, imesema nimekula. Nikamwambia, lakini hukula, baba. Akaniwekea kidole mdomoni, hivi. Akasema, nisitiri, mama. Kule kazini wanapunguza watu, na anayeandikwa moyo ndiye wa kwanza kwenda nyumbani, na nina mtoto hata siku arubaini hajatimiza. Akasema atakwenda tu, mambo yakitulia." Alijifuta uso kwa ncha ya buibui. "Nikamsitiri. Lakini sikujua kwamba mzigo alimtwisha mamake. Hilo sikulijua. Maiti hasitiriwi kwa kumwua aliyemzaa. Nenda kamwambie."

Nililia hapo. Kwa mara ya kwanza tangu viatu vile. Nilimlilia kaka na nilimkasirikia, na sikuweza kutenganisha. Alikuwa amechukua chakula cha mama akakifanya ukuta wa kujifichia, na kila alipotuchekesha na ile hadithi alikuwa anaongeza tofali. Na sisi tulicheka.

Nilipanda kesho yake. Njiani nilipita penye yale mashamba aliyokuwa akisimama, na nilijaribu kupanga maneno, yakakataa. Jambo lenyewe lilikuwa na makali pande zote. Kumwambia mama hakumwua mwanawe, ni kumwambia pia kwamba mwanawe alimdanganya, na kwamba kile kimanga alichokiamkia alfajiri hakikuingia mdomoni mwake.

Nilimkuta anachambua maharagwe uani. Sikuketi.

"Mama, hakukila."

"Nini?"

"Kimanga. Siku ya damu. Hakukila. Alimpa yule mama wa dukani."

Nikamweleza yote, pamoja na kufungwa kwa kiatu, pamoja na kidole mdomoni. Mikono yake iliendelea kuchambua. Kisha ikasimama.

"Kwa hiyo damu ilikuwa nzuri."

"Ilipimwa vizuri, mama. Ilisema kweli. Ni yeye aliyeificha."

"Na huyo mama. Alikila chote?"

"Alifuturu nacho."

"Kilikuwa hakijaharibika?"

"Alisema kilikuwa kitamu."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayepokea salamu kutoka mbali. Nilidhani sasa utashuka ule mzigo, nitauona ukishuka. Badala yake uso ukamkunjamana, akaegemea mbele juu ya ungo, na sauti iliyotoka sikuwahi kuisikia kwake hata siku ya jeneza.

"Basi siku ile mwanangu aliondoka hapa na njaa."

Maharagwe yalimwagika yote. Nilipiga magoti nikamshika, na tukabaki hivyo mpaka jua likatuhama. Sikumwambia anyamaze. Jioni, bila kuambiwa, aliinjika sufuria. Alipika viazi, akala, na akanilazimisha nami nile, na alipokuwa akila alisema neno moja tu kuhusu kaka: "Mjinga." Alilisema kwa upole mwingi.

Daktari yule alikuwa ametuma neno kupitia kwa mke wa kaka, kwamba sisi ndugu wa tumbo moja tupimwe pia. Nilikuwa nimeahirisha. Sikutaka kuyajua maganda yangu. Lakini baada ya siku ile uani sikuwa tena na mahali pa kujificha, maana nilikuwa nimeona kujificha kunafanya nini.

Nililala nyumbani Jumapili. Alfajiri nikasikia mwiko, mwiko mpya, bado unanuka mti. Nilibaki kitandani nikiusikiliza. Nilipotoka, mama alikuwa amefunga majani mawili ya mgomba, ameyapanga kwenye kikapu.

"Hili la juu ni la yule mama. Mwambie leo ni Jumatatu, najua amefunga, akile magharibi. Hili la chini ni lako. Baada ya sindano, si kabla."

"Sawa, mama."

"Baada."

"Nimesikia."

Akanisindikiza. Hakuwa mtu wa kuvuka ua kumsindikiza mtu, lakini alikuja nami mpaka kwenye kona ile, na jirani mmoja aliyekuwa anakamua ng'ombe akatuita juu ya ua, "Mmeshakula huko?"

"Huyu hajala," mama alimjibu kwa sauti, bila haya. "Anatoka kwangu na njaa. Nimemwacha mimi."

Kwenye kliniki nilikaa kwenye benchi, kikapu kikiwa juu ya mapaja, bado kina joto, na harufu ya maharagwe ikinipanda puani mpaka mate yakanijaa. La juu nilikuwa nimeshalifikisha. Daktari alinijua. Alifunga ule mpira mkononi mwangu, akagonga mshipa kwa kidole, na kabla hajachoma akanitazama machoni kwa muda mrefu kuliko anavyotazamwa mgonjwa.

"Umekula?"

"Sijala."